Rabii Katika Nyumba Zetu: Maua, Wageni na Maulidi Katika Gitega na Muyinga

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ambaye huihuisha ardhi kwa mvua baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu wa Jumuiya wameniomba niandike katika kijitabu hiki cha ukumbusho habari za zamani za Waislamu wa Gitega na Muyinga. Nilipokaa kufikiri, niliona kwamba habari za misikiti, za vyuo na za masheikh wapo wengine wa kuziandika, nao wamenipita kwa elimu. Lakini liko jambo moja ambalo aghalabu hukosa mwandishi, kwa sababu halikutendeka mimbarini wala mbele ya wakubwa. Lilitendeka uani, mlangoni, na juu ya mkeka. Nalo ni maisha ya nyumba zetu katika siku za furaha: maua yaliyopambwa, wageni waliokaribishwa, na Maulidi yaliyosomwa. Mimi naamini, na hapa nitajaribu kuonyesha, ya kuwa Uislamu wa miji yetu hii miwili uliingia kwa mlango wa nyumba kabla ya kuingia kwa mlango mwingine wowote. Mlango huo ukifungwa, hasara yake si ndogo.

Najua wako ndugu zetu ambao hawasomi Maulidi, nao wana hoja zao. Sikushika kalamu kwa ajili ya mabishano hayo. Haya niyasemayo juu ya mgeni na mlango ni ya Idi kama yalivyo ya Maulidi, na asiyesoma Maulidi ana Idi mbili kila mwaka.

1. MWEZI WA RABII NA MAJIRA YETU

Mwezi aliozaliwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, huitwa kwa Kiarabu Rabii al-Awwal. Sisi Waswahili huuita Mfungo Sita, kwa kuwa ni mwezi wa sita tangu tulipofungua saumu ya Ramadhani. Neno rabii maana yake ni majira ya kuchipua, yaani wakati ule ambapo ardhi hutoa majani mapya na maua. Waarabu wa kale waliipa baadhi ya miezi yao majina ya majira: Rabii kwa kuchipua, na Ramadhani kwa ukali wa joto. Tena walikuwa na desturi ya kuongeza mwezi mmoja kila baada ya muda, ili miezi isihame mahali pake. Kurani ikaikataza desturi hiyo katika Sura ya Tawba. Tangu hapo mwaka wetu ni wa miezi kumi na miwili ya mwandamo basi, nao una siku 354 au 355. Kwa sababu hii mwaka wa Kiislamu hutangulia mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, na mwezi uitwao wa kuchipua huzunguka katika majira yote, kiangazi na masika.

Hapa kwetu milimani hakuna majira manne kama ya Ulaya. Mrundi huhesabu kwa kilimo chake: Ici ni kiangazi, kuanzia Juni hata Septemba, Agatasi ni wakati wa mvua za kwanza, na Impeshi ni wakati wa mvua zile kubwa za baadaye. Mwisho wa Ici vumbi jekundu huwa limefunika kila kitu, na mti wa umurinzi huchanua maua mekundu hali matawi yake hayana jani. Kisha mvua ya Agatasi hunyesha. Baada ya siku chache mibuni yote ya vilima vya Gitega na Muyinga huamka asubuhi moja imevaa nyeupe, na harufu yake ni kama ya asumini. Maua hayo hayakai. Siku tatu au nne huanguka, na mwenye shamba huanza kungoja buni. Hiyo ndiyo rabii yetu sisi watu wa milimani.

Sasa natazame msomaji hesabu hii. Kila baada ya miaka 33 hivi, mwezi wa Rabii wa Waarabu hurudi kukutana na maua yetu ya mwezi wa Oktoba. Tarehe 12 Rabii al-Awwal iliangukia Oktoba katika mwaka wa 1890, ambao ni 1308 wa Hijra. Kisha katika 1923 (1342), katika 1956 (1376), katika 1989 (1410), na katika 2022 (1444), pamoja na miaka michache ya kabla yake au ya baada yake. Aliyejaaliwa umri huuona mkutano huo mara mbili. Wachache huuona mara tatu. Nitaifuata ngazi hii kidato kwa kidato, ili tuone nyumba zetu zilikuwaje katika kila kimoja.

2. MWAKA WA 1890: BUNDUKI NYUMA YA MILIMA

Katika mwaka wa 1890 hapakuwa na mji wa Gitega. Nyumba za Waislamu zilizo karibu nasi zilikuwa Ujiji, ufukweni mwa ziwa la Tanganyika. Ujiji ulikuwa mji wa zamani wa biashara. Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika huko katika mwaka wa 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kuwapo. Ndiko zilikokuwa baraza, na miembe, na mikeka, na watu wasomao Kurani.

Lakini ndiko ilikotoka pia biashara ya pembe na ya watumwa, na hatuna haki ya kuificha. Mkubwa wa Ujiji wakati huo alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, mshirika wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Watu wake walijaribu kuingia Urundi kwa silaha kutoka upande wa ziwa. Mwami Mwezi Gisabo na watu wake wakawazuia, na milima haikufunguka.

Haya nayataja kwa sababu moja. Wako wasemao kwamba dini yetu ilikuja katika nchi hii kwa bunduki za wafanya biashara. Hiyo si kweli. Bunduki zilikuja, na zikarudi zilikotoka. Hatuoni katika vilima vya Gitega wala vya Muyinga msikiti uliojengwa kwa nguvu zile. Kilichoingia kilikuja baadaye, nacho hakikuchukua silaha.

3. MWAKA WA 1923: MKEKA MMOJA

Wajerumani walifanya mkataba na Mwezi Gisabo huko Kiganda katika mwaka wa 1903, na katika mwaka wa 1912 wakayahamisha makao ya serikali yao ya Urundi kutoka Usumbura wakayaweka Gitega, ambako wao walikuita Kitega. Pamoja nao walikuja askari, wakalimani, mafundi na wachuuzi. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, na wengi wa watu hao walikuwa Waislamu: watu wa Ujiji, wa Tabora, wa Manyema na wa pwani. Katika mwaka wa 1916 Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani, na watu wale wakabaki. Serikali mpya haikuwapenda sana. Iliwaweka katika mitaa yao peke yao, mbali na wenyeji wa vilimani, na shule ikaziachia misheni. Kwa hiyo Mwislamu wa Gitega katika mwaka wa 1923 hakuwa na cheo, wala shule, wala ruhusa ya kwenda kuhubiri vilimani. Alikuwa na nini basi? Alikuwa na nyumba.

Habari ninayoitoa sasa niliipata kwa bibi yangu mzaa baba. Yeye hakujua mwaka wake, ila alisema kwamba ilikuwa siku ya Maulidi, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, na watu wanapanda maharagwe. Mimi nimepiga hesabu, nikaona kwamba haiwezi kuwa ila mwaka wa 1923, au ule wa karibu yake.

Yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, mtoto wa mlima mmoja wa karibu na mji. Alishuka na mama yake kuuza kikapu cha maharagwe katika mtaa wa Waswahili. Walipofika penye nyumba ya askari mmoja wa zamani, walisikia dufu, na harufu ya ubani ikawajia. Mtoto akasimama kwenye ua wa matete akichungulia. Mama yake akamwita, hakwenda. Ndipo mwenye nyumba, bibi mmoja mtu wa Ujiji, akatoka akamwona. Hakumuuliza jina lake, wala dini yake, wala bei ya maharagwe. Alisema, “Karibu mwanangu, ingia na mama yako.” Wakaketishwa mkekani pamoja na wanawake wengine. Wakapewa wali, na yeye alikuwa hajapata kuula tangu azaliwe.

“Nilitazama juu ya mlango,” bibi alikuwa akisimulia, “nikaona wametundika maua mekundu ya umurinzi. Kwetu ule mti tuliuheshimu. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa si wageni kama tunavyoambiwa.”

Miaka ilipita, yule mtoto akawa mwanamwali, na kijana wa nyumba ile akampeleka mshenga mlimani. Akaolewa, akatoa shahada, akajifunza sala kwa mama mkwe wake, yule yule bibi wa Ujiji. Nimeuliza sana katika Gitega na katika Muyinga, na habari za nyumba nyingi za wazee wetu zimefanana na hii. Ukiwauliza watu jinsi bibi zao walivyosilimu, wachache watakutajia waadhi uliotolewa. Wengi watakutajia chakula, ndoa, ugonjwa uliouguzwa, au siku ya furaha ambayo mlango ulikuwa wazi.

4. MWAKA WA 1956: KAHAWA MLANGONI

Katika mwaka wa 1956 yule mtoto alikuwa ndiye mwenye nyumba. Vilima vilikuwa vimebadilika. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kibelgiji ilikuwa imewalazimisha Warundi kupanda mibuni, na sasa Gitega na Muyinga zote mbili zilikuwa nchi ya kahawa. Babu yangu naye alipata shamba dogo kwa shemeji zake wa mlimani.

Ajabu ya mambo ni kwamba mkulima wa Kirundi aliipanda kahawa, akaichuma, akaiuza, lakini hakuinywa. Kinywaji hicho kilikuwa cha barazani kwa Waswahili. Wala haishangazi, kwani mti wa kahawa asili yake ni Uhabeshi, na waliousambaza unywaji wake katika karne ya 15 walikuwa masufii wa Yemeni, waliokunywa ili wakeshe katika dhikiri. Kwa hiyo katika nyumba ya babu yangu kahawa ilikuwa imerudi kwa watu wake: ua lake lilikuwa juu ya mlango, na maji yake yalikuwa katika kikombe cha mgeni.

Juu ya ua hilo palikuwa na ugomvi mdogo kila Agatasi. Bibi alitaka matawi ya kupamba mlango kwa Maulidi, na babu akisema kwamba kila ua likatwalo ni buni iliyopotea, na kila buni ni senti. Mwisho babu alikubali apewe matawi yaliyovunjwa na upepo. Bibi alikuwa akicheka akisema kwamba mwaka ule upepo ulikuwa mkali kuliko miaka yote.

Siku ya Maulidi kaka zake bibi walishuka kutoka mlimani na ndizi na maharagwe. Wao walikuwa Wakristo. Waliketi, wakasikiliza Barzanji, kitabu cha Maulidi kilichotungwa na mufti wa Madina katika karne ya 18, wala hawakufahamu neno. Lakini waliijua ngoma, kwa kuwa Gishora, penye ngoma za Mwami, si mbali na Gitega, na mtu wa huko husikiliza dufu kwa sikio la mjuzi. Hakuna aliyeleta pombe, wala hakuna aliyeambiwa asiilete. Waliiacha wenyewe kwa heshima ya nyumba.

Upande wa Muyinga nao ulikuwa hivyo, na pengine zaidi. Muyinga umekaa karibu na mpaka wa Tanganyika ya wakati ule, katika njia ya kwenda Ngara, na wasafiri hawakukatika. Nyumba ya babu yangu mzaa mama ilikuwa kandokando ya njia hiyo. Mama yangu alisema kwamba katika utoto wake hakumbuki usiku hata mmoja ambao watu wa nyumba walilala peke yao. Mchuuzi wa samaki, mwalimu wa chuo, fukara wa tarika ya Kadiria aliyekuja kuongoza dhikiri, wote walilala pale. Palikuwa na chumba kimoja kilichoitwa cha mgeni, na watoto hawakuruhusiwa kukichezea hata kilipokuwa tupu. Mlangoni pake babu alikuwa amepanda waridi jekundu, ili mgeni apajue bila ya kuuliza.

Mama yangu alipoolewa Gitega, alikuja kwa lori kupitia Karuzi, amepakata bati la maziwa lililojazwa udongo. Ndani yake mlikuwa na kipande cha waridi lile. Aliambiwa na baba yake: “Nyumba utakayokwenda, mgeni naye apate kuijua.” Akalipanda penye mlango wa ua, likashika.

5. MWAKA WA 1989, NA YALIYOFUATA

Katika mwaka wa 1989 mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi zamani, na nimerudi karibuni kutoka kwa mwalimu niliyesoma kwake fikihi. Mtu aliyesoma kidogo hujiona amesoma sana, na mimi nilikuwa hivyo.

Jioni ya kuamkia Maulidi nilimkuta bibi akifunga matawi ya maua ya kahawa juu ya mlango. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, akifunga kwa kupapasa. Alikuwa amekwisha kuwaalika jirani zetu wa pande zote, Waislamu na wasio Waislamu. Nilimwambia mbele ya watu kwamba maua yale hayana asili katika dini, na kwamba kusoma Maulidi mbele ya makafiri ni kuyavunjia heshima. Uani pakawa kimya.

Bibi hakukasirika. Alimaliza kufunga fundo lake, kisha akasema, “Mjukuu wangu, mimi niliingia nyumba hii kwa kuchungulia uani. Kama siku ile mwenye nyumba angekuwa ni wewe, mimi ningerudi mlimani na maharagwe yangu, na wewe usingekuwapo wa kunifundisha dini.” Kisha akaniagiza nikatandike mikeka.

Niliitandika. Lakini nakiri kwamba moyo wangu haukutandika. Nilikaa pembeni usiku ule, na sikuwasalimia wageni wote.

Miaka minne ikapita. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika moto ambao kila msomaji anaujua. Ulikuwa tena mwezi wa maua. Usiku mmoja katika siku zile mlango wetu uligongwa. Walikuwa jirani zetu, wale wale waliokaa mkekani katika mwaka wa 1989, pamoja na watoto wao. Usiku wa pili waligonga wengine, ambao wa kwanza waliwaogopa, na wao vile vile waliwaogopa wa kwanza. Bibi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka themanini, alitoka akaketi mlangoni. Kila aliyeingia alimwambia neno lile lile: “Karibu mwanangu.” Kisha akanigeukia, akasema, “Tandika mikeka.”

Hakuongeza neno jingine, wala hakunikumbusha. Nilipokuwa nikitandika nilijua ya kuwa watu hawa wamekuja kwetu kwa sababu wanaijua njia. Na njia waliifahamu kwa kualikwa. Kama wangekuwa hawajapata kukanyaga ua wetu katika siku ya furaha, wasingethubutu kuukanyaga katika usiku wa hofu. Sisi Waswahili husema, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Wale walikaa majuma mengi, na majembe hatukuwa nayo ya kutosha. Huko Muyinga nyumba ya babu ilipokea watu waliokuwa wakipita kukimbilia Ngara, na mjomba wangu aliwapa hata chumba cha mgeni, wakalala kumi na wawili.

Siandiki haya ili tujisifu. Katika siku zile wako Waislamu waliopotea njia, kama walivyo wa dini nyingine, na hesabu yao iko kwa Mola. Naandika ili tujue kilichotutengenezea akiba. Haikuwa hotuba. Ilikuwa sahani za wali za miaka sabini.

Bibi alifariki kabla ya vita kwisha. Mwenyezi Mungu amrehemu.

6. MWAKA WA 2022: LANGO LANGU

Sasa nifike katika kidato cha mwisho, nacho ni changu mwenyewe.

Tangu mwaka wa 2019 Gitega umekuwa mji mkuu wa siasa wa nchi yetu. Ardhi imepanda bei, nyumba za ghorofa zimeota, na watu tusiowajua wamekuwa wengi. Mimi nami nilijenga ukuta wa matofali kuzunguka nyumba ya wazee wangu, nikatia lango la chuma. Fundi aliniambia kwamba mti wa waridi umesimama penye msingi. Nikamwambia aung’oe.

Katika Oktoba 2022 Maulidi yalikutana tena na maua. Sisi tuliyasoma katika ukumbi wa kukodi. Palikuwa na vipaza sauti, viti vya plastiki, na maua ya plastiki vile vile, na kila mgeni alikuja na kadi. Mambo yalikwenda kwa utaratibu, nami nilisifiwa kwa hotuba yangu. Usiku niliporudi nyumbani, kijana wangu alinieleza habari za mchana. Akasema kwamba alikuja mtoto wa kike kutoka mlimani, na kikapu cha maharagwe kichwani, akagonga lango. Harufu ya pilau ilikuwa ikitoka jikoni. “Nikamwambia leo hatununui,” kijana akasema, “akaenda zake.”

Kijana hakufanya kosa. Alifanya kama alivyoona. Lakini mimi sikulala. Nilihesabu miaka kwa vidole: 2022, 1989, 1956, 1923. Mtoto wa kike, kikapu cha maharagwe, siku ya Maulidi, mvua za kwanza. Bibi yangu alirudi mlangoni pa nyumba yake, akakuta lango. Nilimtafuta mtoto yule sokoni kwa majuma kadhaa. Sikumpata.

Kumkirimu mgeni ni jambo ambalo Mtume wetu amelifunga pamoja na kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Nabii Ibrahimu alipofikiwa na wageni asiowajua, hakuanza kwa kuwauliza wao ni nani; alikwenda upesi akaleta ndama aliyeokwa. Nimeyafundisha haya kwa miaka thelathini. Kumbe naliyafundisha nyuma ya lango.

7. NENO LA MWISHO

Ndugu zangu Waislamu wa Gitega na wa Muyinga, sikusema kwamba tubomoe kuta zetu. Wezi wapo, na mwenye mali ana haki ya kuilinda. Nasema mambo matatu, na yote matatu yako katika uwezo wa fukara kama wa tajiri.

La kwanza, siku ya Idi au ya Maulidi, milango yetu na iwe wazi japo tangu alasiri hata magharibi, na asiye wa dini yetu aalikwe kwa jina lake. Tangu mwaka wa 2005 Idi ya Fitri ni siku ya mapumziko kwa nchi nzima. Jirani yako siku hiyo hana kazi. Yuko nyumbani kwake anasikia harufu ya chakula chako. Ukumbi ukitakiwa na uwepo, lakini usiifanye nyumba kuwa bubu. Wahenga wetu walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

La pili, waulizeni mabibi zenu, kabla hawajaondoka, waliingiaje katika nyumba hizi, nanyi mwandike. Majina ya mashujaa wa vita tunayo. Majina ya wanawake walioketi mlangoni hatunayo, na wao ndio waliotujenga.

La tatu, pandeni ua mlangoni. Ni jambo dogo, lakini mgeni hulitambua.

Mimi nimeanza na hilo la tatu, kwa kuwa ndilo deni langu. Mwaka uliofuata nilikwenda Muyinga. Nyumba ya babu mzaa mama bado ipo, na waridi lile limezeeka lakini lina uhai. Shangazi wa mama yangu ameshikwa na uzee, hasikii vizuri. Nilipomwomba tawi hakuniuliza la mwenzake limepatwa na nini. Alilikata mwenyewe, akalitia katika bati la maziwa pamoja na udongo, akanipa. Nimelipanda nje ya lango, si ndani, nami nimemwambia kijana wangu kwamba lango hilo siku za furaha halifungwi. Tumefundishwa ya kuwa hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, basi akiweza naaupande.

Rabii itakutana tena na maua ya kahawa katika mwaka wa 2055, nao utakuwa mwaka wa 1478 wa Hijra. Nikijaaliwa kuwapo nitakuwa mzee wa miaka themanini na mitano, macho yangu yamepungua kama ya bibi. Na kama sitakuwapo, namwomba atakayekuwa mwenye nyumba siku hiyo, akisikia mtoto anachungulia, atoke.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, azijaalie nyumba zetu zisiwe tupu wala zisiwe kimya, na ailete mvua kwa wakati wake. Amin.